Ufito wa Fundi wa Bali

Mtu wa kwanza kunipima mwili mzima nikiwa hai alikuwa fundi seremala kutoka Bali. Nilimshuku siku ile ile, nikaendelea kumshuku kwa wiki tano, na nikisema kweli sijamaliza hata leo.

Nilikuwa mlinzi wa kiwanja Al Jaddaf, jirani na karakana za kuundia majahazi, mahali ambapo misumeno ilianza kulia kabla jua halijakolea. Nilikuwa nimetoka kulinda mnara mmoja Dubai Marina, na kabla ya mnara nilibeba mizigo Deira, na kabla ya mizigo niliosha magari. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo sijakaa mahali mpaka nikapazoea, ila popote nilipofika nimekuwa mtu wa kuuliza: hiki nini, kwa nini kimekaa hivi, nani kasema. Ulinzi ulinifaa kwa sababu hiyo. Mlinzi huajiriwa ili asiamini.

Mwenye kiwanja, arbab kama tulivyomwita, alikuwa amekwenda Bali kupumzika, akarudi akitaka nyumba ya kule. Miaka ile watu wa Dubai walikuwa wakijenga kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kontena likaja na mbao, marundo ya nyasi ndefu za kuezekea, na mafundi watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kilemba kidogo cha kitambaa kichwani na vidole vilivyopinda kwa kazi. Wenzake wawili hawakujua Kiingereza. Yeye alijua kidogo, kama mimi, na tulielewana kwa kile Kiingereza cha getini ambacho watu wa mataifa yote walikuwa nacho Dubai, pamoja na yalla ya kuharakisha, khalas ya kumaliza, na mikono.

Kilichonishtua mwanzo ni harufu. Walipofungua kontena nilisikia harufu ya nyumbani, nikasogea, nikaona mbao za manjano. Ulikuwa mfenesi. Mti wa mafenesi, ule ule wa kwetu, umekatwa nguzo.

"Huu kwetu tunakula matunda yake," nilimwambia.

"Kwetu pia," akasema. "Halafu tunalala chini yake."

Vibarua wakaanza kuzilaza nguzo hovyo. Fundi akawazuia. Alikwenda nguzo moja moja, akaipapasa, akaitazama mistari yake, akainusa, kisha akatia alama ya chokaa upande mmoja. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema upande wa mizizi. Nguzo lazima isimame kama mti ulivyosimama, mizizi chini na ncha juu. Ukiisimamisha kichwa chini, anayelala humo hatakaa vizuri.

Nilikumbuka hilo neno, "anayelala humo", baadaye sana. Siku ile nilijiambia tu kwamba mtu anayenusa nguzo anahitaji kuangaliwa.

Asubuhi ya pili nilikuwa getini. Fundi na injinia walikuwa wamesimama katikati ya kiwanja. Injinia alikuwa Mmisri mrefu, mtu wa haraka, kalamu haitoki mkononi. Nilimwona fundi akiuliza jambo. Sikulisikia. Injinia akageuka huku na huku kama anayetafuta kitu cha kumpa mtoto anyamaze, kisha akaninyoshea kalamu mimi.

Fundi akaja na ufito wa mwanzi na kisu.

"Sadiki," akasema. Dubai kila mtu alikuwa sadiki, yaani rafiki. "Simama wima. Nyosha mikono."

"Ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ya arbab. Kampime arbab."

Injinia akapaza sauti kutoka kule: "Yalla, msimamishe! Arbab hana nafasi ya kupimwa kama kanzu!"

Nikasimama. Akanipima kutoka ncha ya kidole cha mkono wa kulia mpaka ncha ya kidole cha kushoto, akatia alama kwenye mwanzi. Akapima kiwiko mpaka kidole cha kati. Shubiri. Ngumi yenye kidole gumba kilichosimama. Unyayo, kisha upana wa unyayo. Kila alama aliichonga kwa kisu, akainong'oneza kitu kwa lugha yake. Mwisho akaniwekea ufito ubavuni, kutoka utosini hadi kisiginoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka ufito mwingine. Babu yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa amelazwa kitandani, amefunikwa shuka. Mjomba akaingia na ufito, akaulaza ubavuni mwa babu kutoka kichwani hadi miguuni, akaukata palepale kwenye kisigino, akatoka nao. Nikamfuata. Alikuwa akiupeleka kwa wachimbaji, wapate urefu wa kaburi. Tangu siku hiyo sijaona mtu mwingine akipimwa kwa ufito, na kwetu hakuna sababu nyingine ya kumpima mtu hivyo.

Fundi akaenda na ufito wake stoo, akautundika juu ya misumari miwili. Ufunguo wa stoo ulikuwa wangu.

Kuanzia hapo niliona kila alichofanya. Asubuhi, kabla ya kushika patasi, aliweka chini kijisahani alichosuka mwenyewe kwa majani ya mtende, kwa sababu minazi hakuipata. Ndani yake punje za wali, maua, na kijiti cha udi kinachofuka. Kimoja getini, kimoja penye mbao, kimoja chini ya ule ufito. Maua ya asumini alikuwa akivuka kuyanunua Bur Dubai, kwenye vichochoro wanakouza mashada. Kwetu ukikuta wali na maua yamewekwa njiani huyavuki. Unazunguka, hata kama umechelewa. Mimi nilikuwa nikiyakuta getini kwangu kila siku.

Kisha akajenga ukuta. Hatua chache tu ndani ya geti, ukuta mfupi usioshikana na kitu chochote, umesimama peke yake kama mtu aliyesahau anakokwenda. Anayeingia lazima auzunguke. Mimi niliyekaa ndani nikawa silioni geti langu mwenyewe.

"Huu unaficha nini?" nikamuuliza.

"Haufichi. Unazuia. Wabaya hutembea moja kwa moja. Hawajui kukata kona."

"Wezi wa Dubai wanajua kukata kona."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Wezi ni kazi yako," akasema. "Hao wengine ni kazi yangu."

Akanieleza mengi siku zile, maana mimi niliuliza mengi. Nyumba kwao ni mwili. Geti ni mdomo, uwanja wa katikati ni kitovu, mahali pa taka ni nyuma kama tulivyo sisi. Kichwa chake ni kona inayotazama mlima na macheo, na hapo kwao hujengwa mahali pa kuabudia pa ukoo. Akaniuliza mlima wa hapa uko wapi. Nikamwonyesha mashariki, kule Hatta, mbali, hauonekani kwa vumbi. Akatazama vumbi hilo muda mrefu, akaridhika. Arbab alikuwa Mwislamu na hakutaka mahali pa kuabudia pa watu wengine, kwa hiyo kona ile fundi aliiacha tupu. Alisema tu isiwekwe viatu wala pipa la takataka. Nyumba, kwa maneno yake, ni mapatano ya pande tatu: mtu na Mungu wake, mtu na watu wenzake, mtu na ardhi na miti.

Nilimsikiliza. Yalinipendeza, na ndiyo maana nilizidi kumshuku. Mapatano yameandikwa kwa mwili wangu, na mimi sijaulizwa.

Ijumaa nilikwenda Bur Dubai kwa rafiki yangu wa Mombasa, mbeba vitambaa kwenye maduka ya Wahindi. Tulikuwa tukila wali wa samaki, watu sita chumba kimoja. Nikamsimulia kwa mzaha. Akaacha kula.

"Ngoja. Umesimama, akakupima kwa ufito, kichwa mpaka kisigino, na ukanyamaza?"

"Injinia alisema."

"Injinia ni mamako? Msee, hiyo si nyumba. Nyumba hupimwa kwa mita. Na huo ufito uko wapi sahii?"

"Stoo. Kautundika. Anautia maua."

"Anautia maua!" Akawageukia wenzake. "Jamaa ana kaburi lake stoo, na linapigwa maua kila asubuhi, na ufunguo anao yeye!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Jumatatu nikashikwa na homa na ubavu ukauma mahali pale pale ufito ulipopita. Vumbi la saruji, baridi ya alfajiri, kulala kwenye kontena la bati: sababu zilikuwepo tele. Sikuziamini hata moja.

Jumatano, mafundi wakiwa kwenye chakula cha mchana, niliingia stoo. Nilitaka kuuvunja. Niliuweka gotini, nikashindwa. Kama ufito ule ni mimi, nikiuvunja itakuwaje? Basi nikautoa mzima, nikaulaza ndani ya kontena la kifusi lililokuwa nyuma ya stoo, nikaufunika kwa mifuko ya saruji. Alasiri lori likaja, likalinyanyua kontena na kwenda nalo. Homa ikaniacha siku ya pili. Hilo nalo nililihesabu kuwa ushahidi.

Wakati huo banda la karibu na geti lilikuwa limekwisha, na jiko limekwisha. Kwao nyumba si jengo moja, ni mabanda yaliyotawanyika ndani ya ua. Lililobaki ni banda kubwa, lenye baraza la kulala. Nguzo nne zake zilikuwa zimekatwa, nane bado.

Fundi aliingia stoo, akatoka mikono mitupu. Hakupiga kelele. Alitafuta na wenzake chini ya mbao, nyuma ya nyasi, juu ya paa la jiko. Kisha akakaa kwenye kitovu cha uwanja, mikono magotini, na wale wawili wakakaa nyuma yake kama watu waliofiwa.

Injinia akaja. "Nini tena?"

"Kipimo kimepotea."

"Kipimo?" Injinia akachomoa futi yake ya chuma kiunoni, akaivuta, ikalia. "Hiki hapa. Mita tano. Yalla, kata!"

"Hiyo si ya mtu."

"Nguzo nne umekwisha kukata. Pima hizo, kata nyingine sawa nazo."

"Hizo ni urefu tu. Boriti, baraza, nafasi kati ya nguzo na nguzo, vyote vilikuwa kwenye ufito. Nikikisia, mabanda hayataongea lugha moja."

Injinia alitazama saa. Akasema arbab anakuja kukagua mwisho wa wiki ijayo. Akasema anampa siku mbili. Zikipita, atawaita maseremala wa Al Jaddaf wamalizie kwa futi na misumari, na yeye fundi atapanda ndege na nguo zake, na barua ya kusema alishindwa itamtangulia kwao.

Hapo nikajua nimefanya nini. Nyumba ambayo mtu huyu aliianza kwa kunusa kila nguzo ingemalizwa na watu wasioijua, naye angerudi kijijini kwake akiwa fundi aliyefukuzwa kazini. Nilisimama nyuma ya ule ukuta mfupi, wasinione. Nikajiambia: au ndivyo anavyotaka nione.

Asubuhi yake akaja getini. Alikuwa na mwanzi mpya na kisu.

"Sadiki. Nakuhitaji tena."

"Nina kazi."

"Kidogo tu."

"Mara ya kwanza niliumwa."

Akanitazama. "Uliumwa kwa sababu ya ufito?"

Nikamweleza habari za babu yangu. Sikutaka, yalitoka. Nikamwonyesha kwa mkono jinsi mjomba alivyoulaza ufito, na alivyoukata kisiginoni. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kucheka. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Aliukata hapo hapo? Hakuzidisha?"

"Azidishe nini?"

Akaweka kidole chake cha shahada kwenye mwanzi, kimelala. "Sisi kila kipimo tunakizidisha. Upana wa kidole, au ngumi. Kipimo kilicho sawasawa na mwili ni cha mtu ambaye hakui tena, hageuki usingizini, hapumui. Aliye hai anahitaji zaidi ya mwili wake. Mjomba wako alipima vizuri. Alikuwa akimpimia mtu mwingine."

Nikakitazama kidole chake. Kisha nikauliza lile lililokuwa limenikaa kooni wiki zote zile. "Kwa nini mimi? Kwa nini si arbab?"

"Nilimuuliza injinia, nani atalala hapa. Akasema arbab atakuja Ijumaa Ijumaa na wageni, watapiga picha, watakula, wataondoka. Nikamuuliza tena, nani atalala hapa. Akakuonyesha wewe."

Nikakumbuka ile kalamu. Nikakumbuka jambo jingine pia, ambalo nilikuwa nimeliona nikakataa kulitazama. Banda la getini, lile lililokwisha, injinia alikuwa akigonga paji la uso kwenye ukingo wa paa kila alipoingia, akitukana kwa Kiarabu. Mimi sikuwahi kugonga. Nilipokaa kwenye baraza lake nyayo zangu zilifika chini barabara, magoti hayakuinuka wala miguu haikuning'inia. Nilikuwa nikikaa hapo kila mchana nikimshuku, na sikujiuliza kwa nini nakaa vizuri hivyo.

Nikasimama. Nikanyosha mikono. Lakini mashaka si nguo ya kuvua ukatundika. Alipopima kiwiko mpaka kidole, nilikunja kidole kidogo, kidogo sana, ili kipimo kisiwe changu chote. Akachonga alama. Akaenda na ufito mpaka kwenye nguzo mojawapo kati ya zile nne, akaulaza, akahesabu alama zake. Haukufika. Akarudi.

"Nyosha," akasema. "Na pumua. Umezuia pumzi."

Nikanyosha. Nikapumua. Akapima upya, akazidisha upana wa kidole changu, akachonga, akaenda kwenye nguzo. Ufito ukalala juu yake, alama kwa alama. Wale mafundi wawili, ambao hawakuwahi kuniambia hata salamu, wakapiga makofi mara moja tu, pamoja.

"Ni mimi niliyeutupa ule," nikasema.

"Najua. Ufunguo ni wako."

"Mbona hukumwambia injinia?"

"Angekufukuza." Alikuwa tayari amepiga magoti penye mbao, anatafuta upande wa mizizi. "Halafu nyumba ingekuwa na kipimo cha mtu asiyekuwepo."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kwa miaka. Alinihurumia mimi, au aliihurumia nyumba? Nilitaka kumuuliza, lakini alikuwa ameanza kukata, na yeye akikata hajibu.

Walimaliza siku mbili kabla ya arbab. Siku ya mwisho fundi alizunguka mabanda yote na maji na maua, akayagusa nguzo kwa nguzo, akasema sasa nyumba imeamka na inaweza kukosewa adabu, kwa hiyo niwe na adabu. Kisha akapanda kwenye paa la banda kubwa kwa ndani, akauchomeka ule ufito wa pili kati ya boriti na nyasi, mahali pasipoonekana. Akaniambia ndipo unapokaa siku zote. Nikamuuliza kama unaweza kutolewa. Akasema kila kitu kinaweza kutolewa. Akanipa mkono, akapanda gari la kampuni.

Arbab alikuja na wageni. Alikuwa mtu mkubwa, mwili na sauti. Aliinama kuingia, akakaa kwenye baraza, magoti yakamjia kifuani. Akasema "zain, zain," kwamba ni nzuri, akapiga picha na simu yake, akahamia kwenye kiti walichomletea. Alikuja Ijumaa nne hivi. Mimi nililala katika nyumba ile mwaka mzima na miezi mitatu, muda mrefu kuliko nilivyowahi kulala popote tangu nitoke kwetu. Kwenye kona ile tupu sikuweka viatu. Sikuwahi kujikwaa humo, hata nikiamka na usingizi machoni.

Kisha miguu ikaanza kuniwasha, nikaomba kuondoka. Asubuhi ya kukabidhi kazi, kabla mlinzi mpya hajafika, nilipanda juu ya baraza nikaingiza mkono kati ya boriti na nyasi. Nilikuwa nimeamua kuutoa. Ya nini kumwachia mtu kipimo changu katika nchi ninayoihama? Nikaugusa. Nikapapasa alama mpaka ya mwisho, na baada yake kile kipande alichozidisha. Nikalaza kidole changu hapo. Kikaenea, hakikubaki wala hakikupungua. Nikautoa mkono, nikauacha ufito pale ulipo.

Mlinzi mpya alikuwa Mganda, kijana mrefu, mchangamfu. Aliingia, akagonga kichwa kwenye ukingo wa paa, akarudi nyuma anajishika.

"Eh! Ssebo, nyumba gani hii? Walimpima nani hawa?"

"Arbab," nikasema.

Nikampa ufunguo, nikamwambia awe anainama. Alikuwa na macho ya kudadisi kama yangu, na sikutaka aanze kutazama juu.